Kukomboa, kugomboa, kununua tena: lipi litumike wapi?

Mfasiri_Mezani

Habari zenu wakuu. Nina nyaraka tatu zinazohusu mtu au kampuni kukipata tena kitu kwa kulipa, na waandishi wake wamechanganya maneno vibaya.

Ya kwanza ni stakabadhi ya mkopeshaji anayepokea vitu rehani. Inasema mteja "atanunua tena" kitu chake ndani ya siku 30. Ya pili ni mkataba wa kuuza kiwanja, wenye kifungu kinachomruhusu muuzaji kukichukua tena kiwanja ndani ya miaka 2. Humo wametumia "kukomboa" mstari mmoja, "kurudisha" mstari wa pili na "kununua upya" mstari wa tatu, wote wakimaanisha jambo moja. Ya tatu ni tangazo kwa wanahisa: "kampuni itakomboa hisa zake zenyewe sokoni".

Naomba msaada wa mambo mawili. Kukomboa na kununua tena vinaachana wapi hasa? Na kugomboa, je, ni neno jingine au ni kukomboa kwa matamshi mengine tu? Nahitaji sababu, maana lazima nimweleze mteja kwa nini nabadilisha.

---

Kalamu_Nyofu

Anza na stakabadhi, kwa sababu hapo neno baya linaweza kumkosesha mtu mali yake.

Kitu kikiwekwa rehani hakijauzwa. Aliyekopesha anakishika tu mpaka deni liishe, na mwenye mali anabaki kuwa mwenye mali. Ukiandika kwamba mteja "atanunua tena" simu yake, umeshakiri kwa niaba yake kwamba aliiuza. Siku wakifikishana mbele ya msuluhishi, mkopeshaji atasema simu ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, na karatasi itamuunga mkono. Andika hivi: "Mteja anaweza kuikomboa simu ndani ya siku 30 kwa kulipa mkopo wote pamoja na riba." Mtaani watu husema kuweka bondi au kuweka poni badala ya kuweka rehani, lakini kitenzi cha kukitoa kitu ni hicho hicho, kukomboa.

Kwa kutofautisha, jiulize swali moja: nikifika na kiasi tulichokubaliana, ndani ya muda, yule mwenye kukishika kitu anaweza kunikatalia? Kama hawezi, ninakomboa. Kama anaweza kusema "hakiuzwi", au akataja bei mpya inayompendeza, basi ninanunua tena. Kukomboa kunasimama juu ya haki ambayo bado ninayo. Kununua tena kunaanza upya, kana kwamba sijawahi kukimiliki.

Linganisha sentensi hizi mbili. "Gari lilikuwa rehani, nimelikomboa jana." Hapa hakuna mapatano mapya, kuna deni limelipwa. "Niliuza gari mwaka juzi, sasa nimelinunua tena." Hapa kuna mauzo mawili kamili, na yule aliyeninunulia mara ya kwanza alikuwa huru kunikatalia.

Simama kidogo kwenye neno nililotumia sasa hivi, "aliyeninunulia". Sikulitumia vizuri, nimeliacha makusudi ulione. Kunyambua nunua kuwa nunulia huleta maana ya kununua kwa faida ya mtu. "Nilimnunulia Asha gari" maana yake Asha amepata gari. Ukitaka kusema gari limetoka kwa Asha, sema "nilinunua gari kwa Asha" au "kutoka kwa Asha". Katika mkataba wenye mauzo ya kwenda na kurudi, kosa hili linageuza kabisa nani anatoa na nani anapokea. Ukikuta "muuzaji atamnunulia mnunuzi kiwanja", futa mara moja na uandike "muuzaji atakinunua tena kiwanja kutoka kwa mnunuzi".

Na "tena" nayo ina mtego wake. "Nimenunua tena simu" humfanya msomaji afikiri nimenunua simu nyingine baada ya ile ya kwanza. Kinachookoa sentensi ni kiambishi cha mtendwa pamoja na kimilikishi: "nimeinunua tena simu yangu", na ukitaka kufunga mlango kabisa, "simu yangu ile ile". Bila -i- na bila "yangu", msomaji ana haki ya kuelewa vingine.

"Kununua upya" ningeiacha nje ya mkataba kabisa. Upya unaelekea kwenye hali ya kitu au namna ya kufanya, kama kujenga upya au kuandika upya. "Kurudisha" nayo ni hatari, kwa sababu inategemea umesimama upande gani. Mnunuzi hurudisha kiwanja kwa muuzaji. Muuzaji hukirudisha mikononi mwake. Kitenzi kimoja kinabeba mielekeo miwili inayopingana. Hata fedha zina shida hiyo: "nimerudisha fedha" na "nimerudishiwa fedha" zimetenganishwa na silabi chache tu, lakini moja ni kutoa na nyingine ni kupokea.

---

Mawimbi

Nakubaliana na sehemu kubwa, ila kipimo cha Kalamu_Nyofu kisifanye tuwaone wasemaji wa kila siku kama wanakosea. Watu hukomboa vitu ambavyo havijauzwa wala kuwekwa rehani. Cheti kilichozuiwa kwa sababu ya ada, kinakombolewa. Gari lililokamatwa na kuwekwa yadi kwa faini, linakombolewa. Nguo iliyoko kwa fundi ikisubiri ujira wake, wengine husema wanaikomboa. Mwili wa marehemu uliozuiwa hospitalini kwa deni la matibabu, ndugu huchanga kuukomboa, au kuugomboa. Katika yote haya hakukuwa na mkopo. Kuna kitu cha mtu, kuna anayekizuia, na kuna malipo yanayokifungua. Hayo matatu yanatosha.

Ndiyo maana kukomboa kulifika mpaka kwa mateka. Mtu ametekwa, fedha zinatolewa, anaachiliwa. Fedha zenyewe huitwa komboleo au kikombozi, na katika maandishi ya dini mara nyingi fidia. Toleo la Biblia la Muungano lina "fidia ya wengi" katika Marko 10:45, na maana yake pale ni ile ya zamani, malipo ya kumwacha mtu huru. Ukisikia fidia leo kwenye habari, maana imehama: ni malipo ya hasara. Aliyehamishwa kupisha barabara hulipwa fidia, mfanyakazi aliyeumia kazini hulipwa fidia. Kwa Waislamu neno limebaki pia na kazi yake ya kifikihi, yaani ya sheria za dini, kama fidia ya mtu asiyeweza kufunga, anayelisha maskini badala ya funga yake. Dia ni jambo jingine tena, malipo kwa ajili ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, hulipwa kwake au kwa warithi wake. Kwa hiyo kwenye nyaraka zako usiite kiasi cha kukombolea rehani "fidia". Msomaji wa leo atatafuta hasara iko wapi.

Kuhusu kugomboa: kwa asili ni neno lile lile, k imekuwa g. Lakini matumizi yameshaligawa. Kugomboa limetulia bandarini na forodhani, hasa kwa Kiswahili cha Tanzania: kugomboa kontena, kugomboa gari, wakala wa kugomboa mizigo, ugomboaji. Kazi inayotajwa ina hatua zake: nyaraka za shehena zinawasilishwa, mzigo unathaminiwa, ushuru na kodi zinalipwa, tozo za bandari na za kuhifadhi zinalipwa, mzigo unakaguliwa inapobidi, kisha hutolewa kibali cha kuutoa. Ukiandika "kukomboa kontena" utaeleweka, ila itasikika kana kwamba kontena lilikamatwa. Ukiandika "kugomboa rehani" nako utaeleweka, ila utamfanya msomaji anuse chumvi ya bahari mahali pasipo na meli. Kwenye nyaraka zako tatu kugomboa hakuna nafasi.

Jambo moja zaidi, wengi huchanganya rehani na amana. Amana ni kitu ulichompa mtu akutunzie. Hukumkopa, kwa hiyo hukikomboi. Unakichukua, au yeye anakurudishia. Dhamana ni pana kuliko rehani, inaweza kuwa hata ahadi ya mtu anayesimama nyuma yako, na ahadi haikombolewi.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Nitashika mkataba wa kiwanja, kwa sababu hapo kipimo cha "anaweza kukataa?" kinatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Kiwanja kimeuzwa. Umiliki umehama. Hata hivyo muuzaji amebakiza haki ya kukichukua tena kwa masharti yaliyoandikwa, na mnunuzi hawezi kukataa ndani ya miaka 2. Kwa hiyo ingawa kuna mauzo halisi, kukomboa ni neno halali hapa. Si jambo geni. Mambo ya Walawi sura ya 25 imeeleza mpango wa namna hii kwa undani: aliyeuza shamba kwa shida anaweza kulikomboa, yeye mwenyewe au jamaa yake wa karibu, na bei hupatikana kwa kuhesabu miaka iliyobaki mpaka yubile, yaani mwaka wa hamsini, ardhi inaporudi kwa wenyewe. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ina mwaka mmoja tu. Ukipita, ni ya mnunuzi moja kwa moja na hata yubile hairudishi. Nyumba za vijiji visivyo na ukuta huhesabiwa kama mashamba. Vitu vimeuzwa kweli, lakini kitenzi ni kukomboa, kwa sababu haki haijafa.

Pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 kulikuwa na bei ya khiyari (bei hapa ni mauzo, khiyari ni hiari): mtu anauza shamba au nyumba, anabaki na khiyari ya kulikomboa ndani ya muda uliotajwa, na mara nyingi anaendelea kulitumia huku akilipa kodi ya pango. Kwa nje ni mauzo, kwa ndani ni mkopo uliovaa nguo za mauzo. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa nayo ina mauzo yenye haki ya kukomboa, kuanzia kifungu cha 1659. Muda hauwezi kuzidi miaka 5, na muuzaji anayekomboa hurudisha bei, gharama za mauzo, gharama za matengenezo ya lazima, na zile zilizoongeza thamani ya mali, kwa kiasi cha ongezeko hilo. Huo mgawanyo wa mwisho uutazame vizuri, kwa sababu ndipo mikataba mingi ya Kiswahili inapokaa kimya na baadaye watu wanagombana.

Sasa, kabla ya kuchagua neno, hakikisha kifungu chako ni cha aina gani. Ziko tatu na zinafanana usoni.

Haki ya kukomboa: muuzaji akitaka, mnunuzi lazima aachie. Uamuzi uko kwa muuzaji.

Wajibu wa kununua tena: mnunuzi akitaka, muuzaji lazima akichukue kitu na kulipa. Uamuzi uko kwa mnunuzi. Mtengenezaji anayeahidi kuzinunua tena mashine zake kutoka kwa mteja baada ya miaka kadhaa yuko hapa. Usiandike kukomboa, maana hakuna anayemzuilia chochote. Yeye ndiye anayebanwa na ahadi yake.

Haki ya kwanza ya kununua: hakuna anayelazimishwa kuuza. Ila mwenye mali akiamua kuuza, lazima amtangulize muuzaji wa awali kabla ya kwenda kwa wengine. Hapa andika "kununua" tu. Ukiweka kukomboa, umempa haki ambayo hakununua wala hakuahidiwa.

Sentensi "muuzaji ana haki ya kukirudisha kiwanja" inaweza kusomwa kwa njia zote tatu. Ndiyo maana naungana na Kalamu_Nyofu aliyeiita kurudisha hatari: ifute.

Ukishajua ni haki ya kukomboa, kifungu kiseme mambo haya bila kubahatisha. Muda unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kutia saini, siku ya malipo ya mwisho, au siku ya kusajili uhamisho? Kati ya hizo kunaweza kupita miezi. "Ndani ya miaka 2" bila mwanzo ni ugomvi uliosubirishwa. Kiasi: kama ni bei ile ile ya mauzo, sema hivyo; kama inaongezeka, toa njia ya kukokotoa na mfano wa tarakimu. Taarifa: ya maandishi, siku ngapi kabla, ipelekwe wapi. Na je, taarifa peke yake inatosha kuokoa muda, au fedha lazima ziwe zimefika kabla ya siku ya mwisho? Swali hili ndilo linalowakosesha watu viwanja kuliko yote. Muuzaji anatuma barua siku ya mwisho, fedha zinafika wiki inayofuata, na kila upande unaamini uko sahihi. Andika: "Haki ya kukomboa itahesabiwa kuwa imetumika siku ambayo taarifa na kiasi chote vimemfikia mnunuzi", au kinyume chake, lakini chagua kimoja.

Kisha gharama. Gawanya matengenezo ya lazima na maboresho. Paa lililovuja na likazibwa ni la lazima. Ghorofa ya pili ni boresho, na bila kikomo mnunuzi anaweza kujenga mpaka muuzaji ashindwe kukomboa. Weka sharti kwamba boresho kubwa linahitaji idhini ya maandishi, la sivyo halilipwi.

Mwisho, sharti liwe ndani ya hati ile ile ya mauzo. Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya 1882, ilivyorekebishwa mwaka 1929, ilikataa kuyaita mauzo yenye sharti kuwa rehani isipokuwa sharti limo ndani ya hati inayofanya mauzo yenyewe. Nchi yoyote ulipo, karatasi ya pembeni ni ushahidi dhaifu. Anayekuja kununua kiwanja kutoka kwa mnunuzi wako ataona hati kuu, hataiona barua mliyoandikiana.

---

Mfasiri_Mezani

Nawashukuru sana. Kifungu changu ni haki ya kukomboa kweli, na hakisemi muda unaanza lini. Nitamrudishia mteja na swali hilo kabla ya kugusa lugha.

Bado tangazo la hisa. Pia nimekuta katika nyaraka hizo hizo "mwanahisa anaweza kukomboa pointi zake", na aliyeandika stakabadhi anamwita mteja anayelipa "mkombozi". Hilo la mwisho linanisumbua masikio lakini sijui nilieleze vipi.

---

Hatifungani

Kwenye hisa maneno mawili yanafanya kazi mbili tofauti, na tangazo lako limechagua lisilofaa.

Ziko hisa zinazotolewa tangu mwanzo kwa masharti kwamba zitakombolewa: tarehe imetajwa au kampuni imepewa hiari, na bei au njia ya kuipata imeandikwa. Hizo ni hisa za kukombolewa. Tarehe ikifika, mwanahisa hana la kukataa. Kitenzi ni kukomboa.

Na ziko hisa za kawaida ambazo kampuni inaingia sokoni na kuzinunua kama mnunuzi mwingine yeyote, kwa bei ya siku, kwa mwanahisa anayetaka kuuza. Asiyetaka anabaki nazo. Tangazo lako linasema "sokoni", kwa hiyo ni hizi. Andika: "kampuni itanunua hisa zake yenyewe sokoni". Ukiwaambia wanahisa kwamba hisa zao "zitakombolewa", watapiga simu kuuliza kama wanaondolewa kwa lazima, na watakuwa na sababu.

Angalia nimesema "hisa zake yenyewe", wao wameandika "zake zenyewe". Yenyewe inaafikiana na kampuni, maana anayesisitizwa ni mmiliki. Zenyewe ingeafikiana na hisa, na haina kazi hapo. Tangazo lieleze pia hisa hizo zikishanunuliwa zitafanywa nini: zitafutwa, au zitashikiliwa na kampuni ili ziuzwe tena baadaye. Zikifutwa, idadi ya hisa inapungua na kila mwanahisa aliyebaki ana sehemu kubwa kidogo kuliko jana. Mwenye hisa 100 katika 10,000 ana asilimia 1. Kampuni ikinunua na kufuta 2,000, hisa zake 100 sasa ni katika 8,000, yaani asilimia 1.25, bila yeye kununua chochote.

Kwa hatifungani, yaani hati ya mkopo ambayo kampuni au serikali huwauzia watu, siku ya mwisho tunasema imeiva na mtoaji analipa. Kukomboa tunakuweka pale mtoaji anapolipa kabla haijaiva, kwa haki aliyojiwekea kwenye masharti. Kuna pia mauzo ya muda mfupi kati ya benki: moja inauza hati za serikali leo na kuahidi kuzinunua tena siku iliyotajwa kwa bei ya juu kidogo, na tofauti ya bei ndiyo riba. Pande zote mbili zimefungwa, hakuna mwenye hiari, kwa hiyo "makubaliano ya kuuza na kununua tena" ndiyo maneno yake. Ukifananisha na bei ya khiyari iliyotajwa juu utaona ukoo mmoja. Hiari tu ndiyo imeondolewa.

Pointi hazikombolewi. Hakuna aliyeziteka. Mteja anazitumia, au anazibadilisha kwa bidhaa au punguzo. Vocha na kuponi vivyo hivyo: hutumiwa.

---

Kalamu_Nyofu

Nimalizie "mkombozi", maana masikio ya Mfasiri_Mezani yako sawa.

Kwa kanuni ya uundaji wa maneno hakuna kosa. Vitenzi vya aina hii vina l iliyojificha mwishoni mwa shina. Huioni katika komboa, ila inajitokeza ukinyambua: kombolewa, kombolea, komboleka, komboleo. Ikikutana na i ya mtendaji, hiyo l inakuwa z: mkombozi, ukombozi. Ni njia ile ile iliyotupa okoa na mwokozi, tetea na mtetezi, nunua na mnunuzi, chukua na uchukuzi. Kwa hiyo anayekomboa simu, kwa sarufi tupu, ni mkombozi wa simu.

Lakini neno limeshapanda daraja. Kanisani Mkombozi ni mmoja. Kwenye siasa, ukombozi umekuwa kuondoa utawala wa kigeni: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa mwaka 1963 uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam, na tangu hapo kukomboa nchi hakumkumbushi mtu yeyote malipo. Neno lililozoea madhabahu na majukwaa likiwekwa kwenye stakabadhi ya simu linasikika vibaya. Mwite "mweka rehani" au "mteja", na tendo lenyewe liite ukomboaji: "ukomboaji wa rehani", "muda wa ukomboaji". Umbo la -ji lina faida ya kutobeba historia hiyo yote. Ukombozi waachie mataifa na nafsi.

Mnyambuliko wa kombolea unafaa sana kwenye nyaraka zako, na watu wanausahau. "Kiasi cha kukombolea" ni kile kinachotakiwa ili kitu kitoke. Kifupi, na hakichanganyiki na "mkopo" peke yake. Kwenye stakabadhi weka jedwali la mistari mitatu: mkopo, riba mpaka siku ya mwisho, kiasi cha kukombolea. Mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 ya muda wote unatoa 110,000, na mteja aione tarakimu hiyo yenyewe, asiachiwe aikokotoe. Sema pia kama akikomboa siku ya 12 riba inapungua au la. Stakabadhi nyingi hazisemi. Komboleka nayo inafaa kwa siku zinazofuata: "baada ya tarehe hiyo kitu hakikomboleki". Hapo eleza kinachofuata. Mkopeshaji atakiuza kwa njia gani, na ikipatikana ziada juu ya deni, mteja atalipwa ziada hiyo? Kama mali ilikuwa rehani kweli, ziada ni ya mwenye mali.

Na mwelekeo wa kitenzi usikuponyoke. Kwenye rehani, anayekomboa siku zote ni yule anayelipa ili apate kitu chake, au mtu anayemlipia. Mkopeshaji akichukua gari kwa sababu deni halikulipwa, hajalikomboa. Amelitwaa au amelikamata. Gari hilo likishapigwa mnada na kununuliwa na mtu mwingine, mwenyewe wa zamani hana tena la kukomboa. Atalinunua, kama linauzwa.

---

Mawimbi

Nyongeza ndogo kwa stakabadhi: usitafsiri mfano wa Waefeso 5:16, "mkiukomboa wakati", ukaandika "kukomboa siku" kwa maana ya kuongeza muda. Pale maana ni kuutumia wakati vizuri. Mteja anayelipa riba peke yake ili apewe siku 30 nyingine hakomboi kitu wala siku. Anaongeza muda, na kitu kinabaki rehani. Weka mstari wake peke yake, "kuongeza muda", na uandike wazi kwamba malipo hayo hayapunguzi mkopo, kama ndivyo ilivyo, kwa sababu wengi hulipa wakidhani wameanza kukomboa.